Kiatu Mahali pa Kitabu

Kazi ya Julienne haikuwa kupenda vitabu. Kazi yake ilikuwa kushuku watu, na kwa kazi hiyo Mungu alimjalia kipaji kikubwa kuliko mshahara wake. Katika kituo kidogo cha televisheni pale Makiso, katikati ya Kisangani, kulikuwa na kipindi kilichorekodiwa Ijumaa na kuonyeshwa kila Jumapili saa kumi alasiri, kilichoitwa Kitabu na Mwenyewe. Watu maarufu wa mji, waimbaji, wachekeshaji, wahubiri, hata mama mmoja aliyejulikana kwa sauti yake ya kutangaza misiba redioni, walikuja kuketi kwenye kiti chekundu na kueleza kitabu wanachokipenda kuliko vyote. Mtangazaji, Priscille, aliwachekea. Lakini kabla ya kuchekewa na Priscille, ilibidi wapite mikononi mwa Julienne.

Sababu ilijulikana na wote. Mwaka wa kwanza wa kipindi, mwimbaji mmoja mwenye jina kubwa alikuja na kitabu kinene, akakikumbatia, akakisifu robo saa nzima, na mji mzima ukaona kuwa amekishika juu chini. Watu walicheka mpaka ng'ambo ya mto, Lubunga. Tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga studio kabla Julienne hajakishika kitabu chake, hajakinusa, na hajamwuliza maswali matatu. Kitabu kilichosomwa, alisema, kina jasho. Kona zake zimelegea, mahali fulani kuna doa la mawese la mtu aliyekula huku anasoma, na ukikiachia kinajifungua chenyewe pale palipopendwa. Kitabu kilichonunuliwa jana kwa ajili ya kamera hakijifungui popote. Kwa jinsi alivyopekua, wenzake walimpachika jina la Douane, yaani forodha, na jina halikumchukiza hata kidogo. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwajibu, na mimi napekua nguo.

Jumatano hiyo aliyekuja kupekuliwa alikuwa Doudou, mchezaji mpira. Mji wote ulimjua. Alizaliwa Kabondo, akachukuliwa Kinshasa akiwa kijana, akacheza huko na nchi za nje, na sasa, akiwa na miaka thelathini na saba na goti moja bovu, amerudi kufundisha watoto mpira. Julienne alikuwa ameshamhukumu kabla hajaketi. Mchezaji mpira na kitabu wapi na wapi? Alikuwa amemwandalia maswali makali.

Doudou akatoa kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, akakiweka mezani taratibu kwa mikono miwili.

Julienne akasahau maswali yake. Kitabu kilikuwa kimevikwa kitambaa cha kitenge, bluu, chenye ndege weupe. Mgongoni kilishonwa kwa uzi wa kuvulia samaki, mishono ikipishana miwili miwili. Mkono wake ulikifungua wenyewe. Hakikuwa na jalada la ndani, hakikuwa na jina la mwandishi, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na namba kumi na mbili.

Kile kitenge kilikuwa cha mama yake.

"Huwa kinaanza vile," Doudou akasema akitabasamu. "Page douze. Mbele ya pale sijui ilisema nini. Nimeisoma mara makumi tatu, ya mwanzo najitungia mwenyewe."

Julienne akauliza swali la kwanza, la pili, na la tatu, na kwa kila swali Doudou alijibu vizuri kupita alivyotaka ajibu. Alijua jina la nahodha wa mashua katika hadithi ile. Alijua ni mvua gani iliyosogeza mto ukauacha mji nyuma. Alijua mpaka doa la mawese lilipo.

"Ulitoa wapi hii kitabu?" Julienne akauliza.

"Ah, ile!" Doudou akacheka. "Ile ni histoire yenyewe. Nitaisema mbele ya kamera. Usiniharibishie, Maman."

Akakirudisha kitabu kwenye mfuko wake, akaondoka nacho. Julienne alitamani kumnyang'anya. Alikaa pale akimtazama akichechemea uani, na ndani yake kukaamka jambo lililolala miaka ishirini na moja.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Baba yake, Papa Zéphirin, mwalimu aliyekuja Kisangani kutoka Maniema akiwa kijana, alikuwa na kabati la vitabu nyumbani kwake Kabondo, na alikopesha mtaa mzima. Hakutaka pesa, hakutaka kitambulisho, hakuandika jina la mtu. Alitaka kiatu cha kushoto. Ukichukua kitabu, kiatu chako kinawekwa kabatini mahali pa kitabu hicho, na unarudi kwenu mguu mmoja peku. "Mutu ya kiatu moja hasahabu njia," alisema Papa Zéphirin, na kweli hawakuisahau. Kulikuwa na siku kabati lilijaa ndala, raba na viatu vya kanisani kuliko vitabu, na mke wake, Mama Yolande, alilalamika kwamba elimu inanuka miguu. Lakini ni yeye aliyeshona vile vilivyochakaa, akivivika vipande vya vitenge vyake.

Watoto wa nyumba hawakuweka kiatu. Hilo ndilo lililoleta balaa.

Jumapili moja jioni Papa Zéphirin alifungua kabati akakuta pengo. Kitabu cha ukurasa wa kumi na mbili, alichokipenda kuliko vyote, hakipo, na mahali pake hakuna kiatu. Juma lile alikuwa amekopesha wengi, na kumbukumbu yake yote ilikuwa viatu. Kitabu kimetoka bila kiatu, basi aliyekitoa ni wa humu ndani. Wa humu ndani walikuwa watatu: Mama Yolande, ambaye hakujua kusoma; Julienne, mwenye miaka minane; na Moïse, kaka yake, kijana wa miaka kumi na saba, ambaye mwezi huohuo alikuwa amekamatwa akiuza magazeti ya zamani ya baba yake kwa mama wa sokoni ili afungie karanga.

"Nani alifungua hii kabati?" Papa aliuliza.

Na Julienne, aliyemwita kaka yake Ya kwa heshima, akasema, "Ni Ya Moïse. Nilimuona."

Kwa sababu alimwona. Mpaka leo, akifumba macho, alikiona kila kitu: mlango wa kabati uko wazi, ufunguo unaning'inia kwenye kufuli, kinu cha mama kimepinduliwa pale chini, harufu ya mikate ya moto. Moïse alikana. Alikana akilia, kijana mzima. Papa Zéphirin akamwonyesha mlango. "Usirudi hapa bila kitabu," alimwambia. Moïse akaenda akaishia Banalia, kwenye mto Aruwimi, na huko akaoa, akazaa, akawa mfanyabiashara wa mchele na samaki wa kukausha. Mama Yolande alipokufa, miaka sita iliyopita, alikuja mazishini akasimama nyuma kabisa ya watu, na baba yake akageuza uso. Aliondoka kabla udongo haujasawazishwa.

Sasa kitabu kimerudi kwenye mfuko wa plastiki wa mchezaji mpira. Julienne alipima njia zote mbili, kama alivyozoea. Ama Doudou alikiiba mwenyewe, na Moïse ameteseka bure. Ama Moïse alimuuzia, na Ijumaa hii Doudou ataketi kwenye kiti chekundu aseme kwa kicheko, kijana mmoja wa avenue ile aliniuzia, jina lake Moïse. Na Jumapili saa kumi Papa Zéphirin, ambaye hajawahi kukosa kipindi hata kimoja tangu binti yake aanze kazi pale, atasikia aibu ya mwanawe ikitangazwa mpaka Yahuma.

Usiku ule hakupata usingizi mzuri. Alimshuku Doudou: yale macho ya unyenyekevu, ule mfuko wa plastiki, mtu mwenye pesa anabeba kitabu kwenye mfuko wa sukari kwa nini kama si kutaka aonekane mwema? Alimshuku Priscille: nani alimwalika Doudou, na kwa nini sasa? Alimshuku hata tonton Évariste, mdogo wa baba yake, aliyekuwa akimtembelea Moïse Banalia na kurudi na mchele bila maelezo. Asubuhi ya Alhamisi akampigia huyo tonton, akaomba namba ya Moïse. Tonton Évariste akaitaja pole pole kana kwamba anahesabu mayai.

Simu iliita mara nyingi.

"Allô?"

"Ya Moïse. Ni Julienne."

Nyuma ya Moïse mtu alikuwa anapigilia misumari.

"Papa alikufa?" Moïse akauliza.

"Hapana. Papa iko muzima. Nilitaka kukuuliza kitu moja. Ile kitabu... weye uliuzisha Doudou? Ule wa mupira?"

Misumari ikaendelea kupigwa. Julienne alihesabu mapigo manne.

"Miaka makumi mbili na moja," Moïse akasema. "Hauyapiga simu ata siku moja. Ata wakati mama alikuwa anagonjwa hauyapiga. Na leo unapiga, ni juu ya ile tu?"

Akakata. Julienne akabaki na simu sikioni. Ilimuuma, lakini kushuku kulikuwa kumeshakomaa ndani yake, na mtu wa kushuku hata jeraha lake hulitumia kama ushahidi. Hakukana, akajiambia. Mtu asiye na hatia angekana.

Ijumaa studio ilijaa. Wanafunzi wa chuo walikaa kwenye viti vya plastiki, jenereta ikanguruma uani, Priscille akatokea na gauni la kijani. Julienne alisimama nyuma ya kamera ya pili, mikono kifuani, macho kwa Doudou. Alikuwa amejiandaa kwa jina la Moïse kama mtu anayesubiri sindano.

"Sasa utuambie," Priscille akasema baada ya kucheka naye kidogo. "Hii kitabu yenye haina kichwa, uliipata wapi?"

Doudou akakipapasa kile kitenge.

"Bon. Miye ni mutoto ya Kabondo. Kwetu hakukukuwa kitabu ata moja. Lakini kwa avenue ya nyuma kulikuwa mwalimu, Papa Zéphirin. Ule muzee alikuwa anakopesha batu vitabu, na haombe franka. Anaomba kiatu ya kushoto!"

Wanafunzi wakacheka.

"Sasa miye viatu yangu ilikuwa moja tu, ya mupira. Nikaacha ya kushoto, nikakamata kitabu. Siku tatu natembea mugulu wazi, nasoma. Alors, siku ya tatu coach anatuambia, kesho kuko mutu anatoka Kinshasa, anatafuta bachezaji. Nitacheza na kiatu moja? Na kitabu, sikukuwa nimeimaliza. Page makumi ine ilibakia. Kuirudisha bila kujua mwisho, nilishindwa."

"Kwa hiyo ulifanya nini?"

"Jumapili asubuhi nikaenda kule. Muzee hayiko, mama hayiko, beko kanisani. Kuko katoto kamoja tu, kanamuke kadogo, kanakaa kwa mulango, kanasema kako na homa. Nikakaomba: unipe kiatu yangu, kitabu nitarudisha kesho, parole, naapa. Kakakataa. Eti papa alikataza kufungua kabati. Kalikuwa kagumu, kale katoto! Kananiangalia kama mwizi!"

Watu wakacheka tena. Julienne hakucheka. Mikono yake ilikuwa imeshuka kifuani bila yeye kujua.

"Donc nikaenda kwa mama moja alikuwa anakaanga mikate, nikaleta mikate tatu, ya moto kabisa. Katoto kakaangalia mikate, kakaangalia kabati. Ufunguo ilikuwa juu, kwa musumari. Basi kakaenda kukamata kinu ya mama yake, kakaipindua chini, kakapanda."

Moïse alikuwa mrefu. Hilo ndilo Julienne alilolifikiria, pale nyuma ya kamera. Moïse wa miaka kumi na saba aliinama akipita mlangoni, na baba yao alimtania kwamba atatoboa bati. Moïse hakuhitaji kinu. Miaka ishirini na moja amekuwa akikiona kile kinu kimepinduliwa na hajawahi kujiuliza kilipinduliwa kwa ajili ya nani. Alisikia mafuta ya mikate vidoleni. Alisikia kiatu kilivyokuwa kizito, chenye meno chini, na jinsi alivyomwambia yule mvulana aende haraka. Kisha jioni, sauti ya baba, nani alifungua, na hofu, na jina la kwanza lililomjia mdomoni. Jina likageuka picha, na picha ile ameitunza kama picha ya ubatizo.

Doudou alikuwa bado anaeleza. Alicheza, akafunga mabao mawili, na Jumatatu alfajiri yule mtu wa Kinshasa akamchukua kwenye ndege na kitabu kikiwa ndani ya begi lake. Alikisoma kwenye mabweni, hospitalini alipovunjika goti, katika nchi ambazo hakuelewa lugha. Alisema alikuwa na haya ya kurudi.

"Na kale katoto?" Priscille akauliza.

"Sijui. Leo iko mama ya batu. Nikimuona nitamupa mikate ingine."

Makofi yakapigwa. Julienne alitoka nje akasimama karibu na jenereta, ambako kelele ilikuwa kubwa kuliko kilio chake.

Doudou alipotoka, alimkuta pale.

"Ile katoto ni miye," Julienne akamwambia.

Doudou akaanza kucheka, akafungua mikono kama mtu aliyemwona ndugu. Kisha akauona uso wake, akaishusha. Julienne akamweleza yote, kwa sentensi fupi, bila kujitetea. Mchezaji akajikalisha kwenye dumu la mafuta, goti lake bovu likinyooka mbele.

"Nilifikiria muzee anajua," akasema. "Nilisema, katoto kataambia papa yake: ni Doudou iko nayo. Na miye sikurudi. Pardon, Maman. Sikurudi."

Akampa kitabu pamoja na mfuko wake.

Jumamosi asubuhi Julienne aliketi chumba cha kukatia picha pamoja na Israël, kijana mkimya ambaye kazi yake ilikuwa kufupisha maneno ya watu. Kipindi kilikuwa kimezidi dakika mbili na nusu.

"Nikate wapi?" Israël akauliza, na kabla hajajibiwa akajibu mwenyewe: "Tukate hii ya kiatu na mikate. Inachekesha, lakini ni ndefu. Doudou aseme tu, mwalimu moja alinikopesha. Inatosha."

Julienne akatazama kioo. Doudou alikuwa amesimamishwa pale akiwa ameinua vidole vitatu, mikate mitatu. Hakuna aliyemshuku Julienne. Hakuna mtu duniani ambaye angeuliza kwa nini dakika mbili zimekatwa kwenye kipindi cha vitabu. Papa Zéphirin angeona kitabu chake, angesikia kilikopeshwa, angejikuna kichwa, angesema labda nilisahau. Moïse angesafishwa nusu, na yeye Julienne angebaki safi kabisa. Alitamani sana. Ni aibu kusema jinsi alivyotamani, lakini alitamani, na Israël alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe.

"Acha ile," akasema. "Kata Priscille pale anashukuru batu ya jenereta. Na mwanzo, pale anaeleza nguo yake."

"Atakasirika."

"Akasirike."

Jioni ile alijaribu kumwambia baba yake kwa mdomo. Alimkuta anachambua mchele, miwani puani, kiatu mguuni ijapokuwa yuko ndani, kwa maana Papa Zéphirin hakukaa peku hata siku moja maishani mwake. Alisema mwalimu peku ni mwanafunzi.

"Papa, kesho utaangalia kipindi?"

"Juu ya nini nisiangalie? Iko mubaya?"

"Hapana."

"Basi."

Na maneno yakaishia hapo. Alikuwa hodari wa kuwauliza watu maswali matatu. Sentensi moja ya kwake ilimshinda.

Jumapili aliketi kwenye mkeka karibu na kiti cha baba yake, mfuko wa plastiki ukiwa nyuma ya mgongo. Alimwomba Mungu akate umeme. Umeme wa mtaa ule ulikatika kila Jumapili bila kuombwa na mtu, ulikatika kwenye fainali za mpira, ulikatika kwenye mahubiri, na siku ile, kwa makusudi kabisa, ukawaka kama umelipwa. Saa kumi wimbo wa kipindi ukaanza.

Papa Zéphirin alipokiona kile kitenge cha bluu aliinuka nusu, akakaa tena. Kiatu cha kushoto kilipowachekesha wanafunzi, mdomo wake ulicheza kidogo. Kisha mikate ikaja, kisha kinu, na mkono wake ukaenda mpaka kwenye ukingo wa kiti ukaushika. Hakumgeukia binti yake. Alitazama mpaka mwisho, mpaka makofi, mpaka majina ya wafanyakazi, na jina la Julienne lilipopita kwenye kioo, akazima.

Nje mtu alikuwa anatwanga. Julienne akakitoa kitabu, akakiweka kwenye mapaja ya baba yake.

"Ni miye, Papa. Nilisema uongo. Kiisha nikaiamini."

Mzee akapitisha kidole kwenye mishono ya mke wake, mmoja mmoja, kuanzia juu mpaka chini. Alichukua muda mrefu.

"Ile mutoto ilikuwa na miaka ngapi?" akauliza.

"Munane, Papa."

"Munane." Akatikisa kichwa. "Na miye nilikuwa na makumi ine na kenda."

Akainuka, akaliendea kabati. Lilikuwa palepale, na katikati ya safu ya pili lilikuwa na pengo lilelile, upana wa vidole vinne. Miaka yote alikuwa amekataa kulijaza. Julienne alidhani sasa kitabu kitarudi mahali pake. Lakini baba yake aligeuka akamnyooshea mkono.

"Lete kiatu. Ya kushoto."

Julienne akakivua, akampa. Kilikuwa kiatu chake cha kazini, cheusi, kisigino kimelika upande. Papa Zéphirin akasogeza vitabu kidogo, akakiweka kwenye pengo. Kisha akaegemea kabati, akainama kwa taabu, akafungua kamba za kiatu chake mwenyewe. Julienne alitaka kumsaidia, baba akamkataza kwa mkono. Alikivua, akakiweka kando ya kile cha binti yake. Vilibanana, lakini vikaingia.

Akakichukua kitabu kitini, akakifuta kwa mkono wa shati ijapokuwa hakikuwa na vumbi, akamrudishia Julienne.

"Kesho asubuhi utakamata pikipiki, utaenda Banalia," akasema. "Nilimuambia asirudi bila kitabu. Mupelekee kitabu."

Alirudi kwenye kiti chake akikanyaga sima, ile sakafu ya saruji, kiatu, peku, kiatu, peku, akaketi, akauficha mguu wa kushoto chini ya wa kulia. Julienne alikuwa amefika mlangoni, kitabu kifuani, akilia waziwazi, baba yake alipomwita tena.

"Julienne."

"Papa."

"Usikawie kule. Hii sima iko baridi."